Chasisi ya Volti 120 Kwenye Umeme wa Dodoma

Mpiga gitaa la solo wa kwaya moja mjini Dodoma aliagiza kutoka Marekani chasisi ya kujengea amplifaya ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka na kukuza sauti. Ndani ya boksi kulikuwa na chasisi ya chuma yenye kromu, matundu yote yakiwa tayari, transfoma ya umeme, transfoma ya spika, valvu tano na soketi zake. Bodi, rezista, kapasita, poti za volyumu na toni, nyaya, spika na kasha vilikuwa vya kutafutwa huku. Mchoro ni ule wa Fender Deluxe 5E3, amplifaya iliyotengenezwa kati ya 1955 na 1960, na ambayo mafundi wadogo wa amplifaya za kuunganishwa kwa mkono bado wanainakili kwa sababu ina vipande vichache na sauti nyingi. Valvu ya kwanza ni 12AY7, ya pili 12AX7, za nguvu ni 6V6GT mbili, na 5Y3GT ndiyo inayogeuza AC kuwa DC. Inatoa wati 12 hivi.

Kwenye transfoma ya umeme pameandikwa 120 V, 60 Hz, yaani volti 120 na mitetemo 60 ya umeme kwa sekunde, wakati umeme wa huku ni 230 V, 50 Hz. Karibu kila tatizo la kazi hii lilianzia kwenye maandishi hayo, hata yale yaliyoonekana hayahusiani nayo.

Stepdauni ilivyoshindwa

Mwenye mali alikuwa na jibu lake mkononi: stepdauni, lile boksi la kushusha 230 hadi 110 linalouzwa kwa ajili ya vyombo vya nje. Lilipounganishwa, valvu zote zikiwa hazijachomekwa, transfoma ya chasisi ilianza kuvuma, na baada ya dakika 40 haikushikika kwa mkono. Hapakuwa na mzigo hata wa hita moja, ule uzi unaopasha valvu moto. Joto lote lilizaliwa ndani ya transfoma yenyewe.

Hesabu yake ni fupi. Nguvu ya sumaku ndani ya bati za transfoma hufuata volti zikigawanywa kwa Hz. Kwao, 120 kwa 60 ni 2. Boksi la kushusha linatoa 110 kwa Hz 50, yaani 2.2, asilimia 10 juu ya kilichokusudiwa. Usiku mzigo wa mtaa ukipungua na soketi ya ukutani ikasoma 245, boksi hilo hilo linatoa 117, na jibu linakuwa 2.34, asilimia 17 juu. Transfoma iliyokusudiwa soko la Marekani peke yake mara nyingi hupimiwa chuma kwa kubana, kwa sababu chuma na kopa ni gharama na uzito. Ukikizidishia, chuma kinashiba, yaani hakibebi sumaku zaidi. Kikishashiba, mkondo wa praimari, waya unaopokea umeme wa ukutani, hauongezeki kwa asilimia 10 au 17. Unaruka mara kadhaa, na waya ndio unaoungua.

Basi mtu atasema, shusha zaidi, iwe volti 100. Kweli, 100 kwa 50 ni 2 na chuma kinatulia. Lakini volti za hita nazo zinashuka: 6.3 mara 100 kwa 120 ni 5.25. Hita za valvu hizi huvumilia asilimia 10 kwenda juu au chini, yaani kama 5.7 hadi 6.9. Kwenye 5.25 kathodi, sehemu ya valvu inayopashwa na hita, haitoi elektroni za kutosha, sauti inalegea, na valvu inachakaa kabla ya wakati wake. Ukiishibisha hita unaunguza chuma, ukikiponya chuma hita inalala njaa. Hakuna volti hata moja inayoridhisha pande zote mbili kwenye Hz 50, na ndiyo maana boksi la kushusha, hata liwe zuri namna gani, si dawa ya transfoma ya aina hii. Zipo za Marekani zilizopimwa kwa Hz 50 na 60 zote, na hizo huandikwa 50/60 Hz. Hii haikuandikwa hivyo.

Kuichomeka moja kwa moja kwenye 230 ni kuipa chuma chake sumaku zaidi ya mara mbili ya kiwango: 230 kwa 50 ni 4.6. Fyuzi itakata papo hapo. Na kama mtu ameshazungushia waya wa kopa kwenye fyuzi, ile desturi yetu mbaya, transfoma ndiyo inageuka fyuzi.

Transfoma ya spika haina shida yoyote. Hiyo inabeba sauti ya gitaa, haijui umeme umetoka nchi gani, kwa hiyo ilibaki.

Transfoma ya kuwaindi hapa hapa

Njia rahisi ni kuagiza transfoma yenye praimari ya 230 au 240. Hammond ya Kanada, kwa mfano, hutengeneza zenye matoleo ya volti za nchi nyingi. Uzito ndio unaoumiza: unalipia usafiri wa kilo kadhaa za chuma kwa mara ya pili. Hapa ilionekana bora kuwaindi upya, yaani kuzungusha waya mpya kwenye moyo wa chuma, kwa fundi wa mota na transfoma, mradi apewe hesabu kamili na asiachiwe kukisia.

Mahitaji yalikuwa haya. Hita: 6V6 mbili kwa ampia 0.45 kila moja, na valvu mbili ndogo kwa 0.3 kila moja, jumla ampia 1.5 kwenye volti 6.3. 5Y3 inataka volti 5 kwa ampia 2. Upande wa volti za juu ni 325-0-325, yaani volti 325 kila upande wa waya wa katikati, kwa milliampia 100. Ukijumlisha na hasara unafika VA (volti mara ampia) 80 hivi. Ulichaguliwa moyo wa bati za EI, zenye umbo la herufi E na I, wenye ulimi wa katikati wa mm 32, bati zikirundikwa hadi mm 40, eneo likiwa sentimita za mraba 12.8. Kwa Hz 50 na sumaku ya tesla 1 hivi, gawa 45 kwa eneo hilo, unapata mizunguko 3.5 kwa kila volti.

Praimari ikawa mizunguko 805 kwa 230, na waya mwingine ukatolewa kwenye mzunguko wa 840 kwa 240. Sekondari, yaani waya za kutolea umeme, huongezewa asilimia 5 kufidia volti zinazopotea ndani ya waya: volti za juu mizunguko 2,390, na waya wa katikati kwenye 1,195; hita mizunguko 23; 5Y3 mizunguko 18. Unene wa waya: praimari mm 0.45, volti za juu mm 0.22, hita mm 0.9, 5Y3 mm 1.0.

Mafundi wengi wa mota hukosea sehemu moja hapa. Wamezoea waya mnene wa kumwagwa ovyo ndani ya nafasi. Waya wa mm 0.22 wenye volti 650 kati ya ncha na ncha hauwezi kumwagwa. Upangwe safu kwa safu, karatasi ya kuhami kati ya kila safu, na kingo ziachwe wazi mm 2 kila upande ili mzunguko wa safu ya juu usidondoke ukagusana na wa chini. Kati ya praimari na sekondari iwe karatasi nene mara tatu. Kisha transfoma nzima izamishwe kwenye vanishi na kukaushwa kwa joto, la sivyo bati zitapiga kelele hata kama umeme uko sawa.

Matundu ya chasisi yalikuwa ya transfoma ya kulala, inayozama nusu ndani ya tundu la mstatili. Hii mpya inasimama. Tundu lilifunikwa kwa bamba la chuma la mm 2, likafungwa kwa boliti nne, na transfoma ikasimamishwa juu yake. Jambo dogo, lakini lina mkia. Tutalirudia.

Kapasita za kuchuja: usishawishike na za TV

Mchoro wa asili una kapasita tatu za mikrofaradi 16 kwa volti 450. Mezani kwa fundi yeyote wa TV kuna kapasita za mikrofaradi 100 au 150, za volti 400 au 450, na kishawishi ni kikubwa: kubwa si ndiyo bora? Hapana, kwa sababu mbili.

Kwanza, 5Y3 imekusudiwa kapasita ya kwanza ya mikrofaradi 20 hivi. Ukiipa 100, kila kilele cha umeme kinailazimisha kusukuma mkondo mkubwa kwa muda mfupi, na cheche huanza kuruka ndani ya kioo. Pili ni volti. Amplifaya ikifanya kazi inasoma 360 na kidogo, basi watu huona 450 inatosha kabisa. Lakini 5Y3 huwaka haraka kuliko 6V6. Kwa sekunde kadhaa hakuna anayevuta mkondo, na volti hupanda hadi kilele chake: 325 mara 1.414, yaani 460. Soketi ya ukutani ikiwa na 245 kwenye waya wa 230, ni karibu 490. Kapasita ya 450 inapigwa hivyo kila jioni ya mazoezi, mpaka siku moja ipasuke.

Ziliwekwa mbili mbili kwa mfululizo, mikrofaradi 47 kwa volti 350 kila moja: pamoja ni 23.5 na volti 700. Juu ya kila moja rezista ya kilo-omu 220, wati 1, kazi yake kuzigawanya volti sawasawa. Faida ya pili ni kwamba rezista hizo zinamwaga chaji ukizima, na chini ya dakika moja zinabaki volti chache. Hata hivyo pima kwa mita kabla ya kuingiza mkono. Rezista moja ikikatika, huwezi kuiona kwa macho. Jumla ni kapasita sita na rezista sita, na rezista za kushushia kati ya hatua ni zile za mchoro: kilo-omu 4.7 na 22.

Kuunganisha

Nyaya za hita zilifungwa kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, zikiwa zimesokotwa na kulazwa kwenye kona ya chasisi. Kwenye 12AY7 na 12AX7 mguu wa 4 na wa 5 huunganishwa pamoja, na waya wa pili unakwenda wa 9. Anayepeleka 6.3 kati ya 4 na 5 huona valvu inawaka hafifu, anailaumu valvu.

Rezista za anodi, sehemu ya valvu inayopokea elektroni, kilo-omu 100, kapasita za kupitisha sauti mikrofaradi 0.1 kwa volti 630, kathodi ya 6V6 zote mbili kwenye rezista moja ya omu 250, wati 5 au zaidi, na kapasita ya mikrofaradi 25 sambamba nayo. Viliongezwa vitu viwili visivyokuwa kwenye mchoro wa asili: rezista ya kilo-omu 1.5 kwenye gridi (mlango wa kuingizia sauti) ya kila 6V6, iliyolehemiwa juu ya mguu wa 5 wenyewe, na ya omu 470, wati 1, kwenye skrini, gridi yake ya pili. Zinazuia mlio mwembamba unaotokea volyumu ikipanda. Waya mbili za anodi kutoka transfoma ya spika unaweza kuzibadilishana bila madhara, maana 5E3 haina sauti inayorudishwa nyuma kutoka kwenye spika.

Kromu haishiki risasi. Badala ya kuhangaika na chuma cha kulehemia cha wati 40, bamba jembamba la shaba liliwekwa nyuma ya poti na nyaya za chini za hatua ya kwanza zikalehemiwa hapo. Waya wa ethi ulipata boliti yake peke yake karibu na kamba ya umeme inapoingilia, kwa washa yenye meno, pahali palipokwanguliwa hadi chuma kitupu. Usiufunge kwenye boliti ya transfoma. Siku boliti hiyo ikilegea, ethi inaondoka nayo.

Laivu inapita kwenye fyuzi kwanza, ndipo swichi. Fyuzi ni ya ampia 1, ya kuchelewa kukata. Plagi ya pini tatu mraba huja na fyuzi ya ampia 13. Itoe, weka ya 3.

Kuwasha mara ya kwanza

Globu ya waya ya wati 60 iliwekwa kwa mfululizo na laivu. Ya LED haifai kwa kazi hii. Bila valvu yoyote, globu ilimulika mara moja ikazima: transfoma ni nzima. Ikachomekwa 5Y3 peke yake, na volti zikapanda hadi 460 hivi kwenye jozi ya kwanza ya kapasita, chini kidogo kwenye jozi mbili zinazofuata, kila jozi ikigawana nusu kwa nusu. Kisha valvu mbili ndogo. Hapo, kabla ya 6V6 kuingia, pima mguu wa 5 wa soketi zake. Inatakiwa sifuri. Ukiona hata nusu volti, kapasita ya 0.1 inavuja, na 6V6 ingegeuka nyekundu kwa dakika chache. Moja ilisoma volti 2.3. Ilikuwa ya mtumba, ikatolewa.

Spika ikaunganishwa, maana transfoma ya spika haiachwi wazi ikiwa na 6V6. Globu ikaondolewa, 6V6 zikaingia. Kapasita ya kwanza ilisoma 362, anodi 355, kathodi 21. Volti 21 kwa omu 250 ni milliampia 84 kwa valvu mbili, yaani 42 kila moja, na ukitoa za skrini inabaki 39.5 ya anodi. Volti 334 kati ya anodi na kathodi mara 0.0395 ni wati 13.2. Kikomo cha 6V6GT ni 14. Iko ndani, lakini umeme wa ukutani ukipanda hadi 245 itavuka. Kwa hiyo laivu ilihamishiwa kwenye waya wa 240 na ikaachwa hapo. Mchana umeme ukishuka sauti inalainika kidogo, na wapiga gitaa hawajawahi kulalamikia hilo.

Mvumo

Amplifaya ililia vizuri, na ikavuma. Maelekezo mengi yaliyoandikwa na Wamarekani husema tafuta 60 au 120. Hapa ni 50 au 100, na mpiga gitaa anaweza kuzitofautisha bila chombo. Piga waya wa sita kwenye freti ya tatu: hiyo G ni Hz 98. Mvumo ukikaa hapo hapo, ni 100, tatizo liko kwenye kapasita za kuchuja au 5Y3. Ukiwa oktava moja chini ya hapo, ni 50, na unatafuta hita, ethi au sumaku.

Ulikuwa 50, na haukujali volyumu. Ikatolewa valvu ya kwanza, mvumo upo. Ya pili, upo. 6V6 zote mbili, ukapungua kidogo lakini upo. Amplifaya isiyo na valvu hata moja ya kukuza haiwezi kukuza kitu, kwa hiyo sauti hiyo ilikuwa inaingia kwenye transfoma ya spika moja kwa moja kupitia hewani. Mkia wa ile transfoma ya kusimama ndio huo: matundu ya chasisi yalizipanga transfoma mbili zisisikizane, ile ya umeme ikiwa imelala. Kusimama kulielekeza sumaku yake upande mwingine.

Dawa ni kufungua transfoma ya spika, kuunganisha hedifoni kwenye sekondari yake, kuwasha ile ya umeme peke yake, na kuizungusha ile ya spika kwa mkono juu ya chasisi hadi sauti ipotee. Ilipotea ilipogeuzwa nyuzi 90. Yakatobolewa matundu mawili mapya ya mm 4, ndani kukiwa kumefunikwa kwa kitambaa chenye unyevu na sumaku pembeni, kwa sababu unga wa chuma ukiangukia soketi ya volti 360 hauna msamaha.

Mvumo mdogo uliobaki ulipanda na volyumu. Hita hazikuwa na waya wa katikati, hivyo rezista mbili za omu 100 zilikuwa zimeunganishwa kati ya pande mbili za hita na chasisi. Makutano yao yalitolewa kwenye chasisi yakapelekwa kwenye kathodi ya 6V6, penye volti 21. Hita ikiwa juu ya kathodi za valvu ndogo kwa volti hizo, elektroni zake hazivutiki kwenda huko. Ukanyamaza.

Nyumbani kwa mwenye mali ikaja kelele nyingine, ya mkwaruzo, iliyokoma akigusa nyuzi. Hiyo mara nyingi si ya amplifaya. Hapa ilishukiwa ethi ya nyumba. Kiangazi cha Dodoma huwa kati ya Mei na Novemba, na rodi fupi kwenye udongo mkavu wa kichanga huwa kama haipo. Mwaga ndoo mbili za maji kwenye rodi, subiri, kisha sikiliza tena. Kelele ikipungua umepata jibu, na tiba ni rodi ndefu zaidi au mbili. Kukata waya wa ethi kwenye plagi ili kelele iishe ni kumtegea mtu mauti, hasa kanisani, ambako mkono mmoja uko kwenye gitaa na mdomo uko kwenye maiki ya chombo kingine.

Spika, kasha, na suala la 12AY7

Spika ni ya inchi 12, omu 8, wati 25 au zaidi, na unyeti wa desibeli 97 hadi 100. Wufa za PA za madukani hubeba mamia ya wati, lakini nyingi zina unyeti mdogo. Tofauti ya desibeli 6 ni sawa na kuigeuza amplifaya ya wati 12 kuwa ya wati 3.

Kasha: mbao za misindano za mm 18. Mninga ni mzuri wa macho, ila unalemea na unaua mlio. Mbao zilizotoka nyanda za juu zikae Dodoma wiki kadhaa kabla ya kukatwa, maana hewa ya huku huzikausha zaidi na viungo hufunguka.

Wengi huondoa 12AY7 na kuweka 12AX7 kwa sababu soketi ni ile ile. Ukuzaji unatoka 44 kwenda 100, na amplifaya inaanza kukwaruza volyumu ikiwa chini. Kwa roki sawa. Kwa solo la kwaya au dansi, linalotakiwa kulia kama kengele juu ya rithimu, iache 12AY7, na kanisani weka maiki mbele ya spika kuliko kuikamua.

Bamba la nyuma lilikuwa bado limeandikwa 120 V, 60 Hz. Lilikwanguliwa, likaandikwa 240 V, 50 Hz, fyuzi ampia 1, na ndani ya chasisi ikabandikwa karatasi yenye volti zote zilizopimwa. Transfoma ya zamani ilirudishwa kwa mwenyewe ikiwa na kikaratasi chake: isichomekwe Tanzania.